Kange hadi Bombo kila siku: baiskeli ya kawaida, ya umeme, pikipiki ya umeme au nibaki na bajaji?

Binti Kange
Asalaam aleikum wana Tanga. Nahamia Kange mwezi huu na kazi yangu iko maeneo ya Bombo. Nimepima kwa simu, ni kama kilomita saba. Kwa bajaji za kuunganisha, kwenda na kurudi, nitaliwa Sh 3,000 kwa siku, na zamu ya usiku itazidi hapo. Kwenye daftari nimeandika njia nne: bajaji, baiskeli ya kawaida, baiskeli ya umeme, pikipiki ya umeme. Baiskeli naijua tangu shule ya msingi, nilijifunzia ya marehemu baba, mguu nimeupitisha chini ya chuma. Kupiga pedali siogopi. Naogopa ile barabara kuu. Mwenye uzoefu aniambie, hasa wanawake wenzangu.

Mzee wa Makorora
Waaleikum salaam mwanangu. Mji huu nimeuendesha kwa baiskeli zaidi ya miaka arobaini. Tanga ni tambarare, na Ngamiani barabara zake za namba zimenyooka, ukizibiwa ya nane unapita ya tisa. Kilomita saba ni nusu saa, ukienda taratibu dakika arobaini. Kaskazi ikivuma utaipokea kifuani ukienda mjini, basi toka mapema kidogo. Kusi itakusukuma. Nunua ya kawaida, ya kike, yenye kava ya cheni isije ikala kanga yako.

Kijana Chumbageni
Shikamoo mzee. Nakubali baiskeli, ila Februari saa saba mchana, jua la Tanga na unyevu wa bahari, dada atafika kazini nguo zimelowa. Mimi nina ya umeme mwaka wa pili sasa. Betri yake ni volti 48 na ampea-saa 10, maana yake kuijaza ni nusu uniti ya umeme. Kwa kusaidiana na miguu inanipeleka kilomita arobaini hivi. Bei ya kawaida ya TANESCO ni Sh 292 kwa uniti, ukiweka kodi na tozo inafika kama Sh 356, kwa hiyo nusu uniti haifiki Sh 200. Kwa safari yake hiyo ni siku mbili na zaidi.

Fundi Barabara ya 12
Hesabu ya kijana ni ya kweli lakini ameacha betri. Ninazoletewa gengeni ni za aina mbili. Zile nzito za asidi, ukizoea kuzimaliza hadi sifuri, mwaka mmoja zimechoka. Za lithiamu zinadumu zaidi, lakini zikifa bei yake unaweza kununua baiskeli nzima ya kawaida. Dada, ukienda ya umeme uliza kwanza betri ya aina gani na nani anauza nyingine kama hiyo hapa mjini, siyo Dar. Uliza pia kama inaendesheka chaji ikiisha. Nyingine ni nzito, kuipigia pedali bila umeme ni adhabu.

Na hii ni kwa zote: Bombo na Raskazone ni mdomoni mwa bahari. Chumvi inakula cheni na spoki. Ifute kwa kitambaa kila wiki, oili kidogo, usimwage. Baiskeli nyingi ninazotengeneza zimeuawa na kutu kuliko safari.

Boda wa Duga
Mimi ni bodaboda, nimehama petroli nikaingia umeme. Kwa kazi yangu inalipa, siku nzima natembea kilomita mia na zaidi, natumia uniti nne hivi. Lakini nyumbani tulikuwa kwenye ile tarifa ya wanaotumia kidogo, Sh 100 kwa uniti mwisho uniti 75 kwa mwezi. Nilipoanza kuchaji tukavuka, zilizozidi zikahesabiwa Sh 350 kila moja, na mke wangu akanilaumu kwa haki. Sasa nimeweka mita ya pembeni. Dada wa kilomita 14 kwa siku hatafika huko, kwa pikipiki atakula kama uniti 15 kwa mwezi na kwa baiskeli ya umeme tano au sita. Ila pikipiki inataka leseni, bima na mahali salama pa kuilaza.

Mgeni wa Jiji
Na bajaji za gesi kama za Dar?

Boda wa Duga
Bomba la gesi ya Songo Songo na Mtwara linafika Dar, mkuu. Kwetu bado.

Dada wa Raskazone
Nimesoma wote na nawaheshimu, lakini mnalinganisha vyombo wakati mwenzetu ameuliza barabara. Bandari imechimbwa hadi kina cha mita 13, gati zina mita 450, meli inafunga gatini badala ya kusimama mbali na kushusha kwa matishari. Ni heri kubwa kwa mji. Mizigo hiyo inatoka kwa malori, na malori ya saruji ya Pongwe nayo yako njia hiyo hiyo ya Kange. Lori la matrela mawili likikupita kwa karibu, upepo wake unakuvuta kuelekea kwenye matairi. Mimi limenivuta mara mbili. Mara ya pili nilikuwa na mwanangu kwenye karia, nikashuka nikasukuma hadi nyumbani.

Na njia ya baiskeli ya kuchorwa kwa rangi tu haitoshi. Mwendokasi ya Dar ilipoanza 2016 Barabara ya Morogoro iliwekewa njia za baiskeli pembeni, na leo ukipita utakuta bodaboda, meza za biashara na magari yaliyoegeshwa. Sisi tunahitaji njia iliyoinuliwa au yenye ukingo wa zege, upana wa mita mbili kila upande, na vizuizi mwanzoni ambavyo gari halipiti. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima linaishia Chongoleani, mlangoni petu. Kilomita saba za njia ya baiskeli haziwezi kutushinda. Na umeme wa kuchajia uko karibu: vituo vya Hale megawati 21 na Pangani megawati 68, vyote kwa maji ya Mto Pangani, mkoani kwetu.

Mzee wa Makorora
Mwanangu, hilo la malori umenigusa. Zamani zangu hayakuwa mengi hivi. Nilijibu kama mtu wa Ngamiani, ambako gari linakusubiri upite. Mjumbe wetu wa mtaa ni mtu wa kusikia. Nitalipeleka kikao kijacho, nikutaje au nisikutaje?

Dada wa Raskazone
Nitaje, mzee. Nitakuja mwenyewe.

Binti Kange
Nimewaelewa, na nawashukuru. Pikipiki nimeifuta, sina pa kuilaza. Ya umeme naipenda kwa ajili ya jua, lakini kwa alivyosema fundi nitangoja hadi nipate muuzaji wa betri hapa hapa. Naanza na ya kawaida, zamu za mchana tu. Zamu ya usiku nitapanda bajaji hata ikinila, kwa sababu taa za barabarani hazitoshi na sitaki kukutana na lori gizani. Fundi, Jumamosi uko gengeni? Nina ile ya baba, ringi ya nyuma imepinda na breki za vyuma zimekauka.

Fundi Barabara ya 12
Nipo kuanzia saa mbili asubuhi hadi adhuhuri. Ilete na usinunue kitu kwanza, niione. Ringi ikikubali kunyooshwa utalipa spoki tu. Taa ya nyuma nunua, hata kama ni mchana.