Nimerudi likizo baada ya miaka tisa, MNAYEMJUA kanidhalilisha kwenye maiki mbele ya ukoo mzima

Wakuu, salamu sina. Ni saa tisa usiku, mbu wananimaliza, nimekaa juu ya begi langu chumbani kwa mama na mikono bado inatetemeka. Nimetoka kwenye kikao cha harusi. Na mnajua nani alikuwa ameshika maiki.

Mnamjua. Kila ukoo unaye, ila wa kwetu ndiye hasa, wa kwenu ni nakala. Yule aliyejipa uenyekiti wa kudumu wa vikao vyote, vya harusi na vya msiba. Yule ambaye akishika maiki hata umeme ukikatika anaendelea. Yule ambaye msibani anaulizia chakula kabla hajauliza nani kafa. Huyo huyo, baba mdogo wangu.

"Kumbe na Ulaya kuna Gongo la Mboto!"

Ndicho alichosema, maana yake na Ulaya kuna uswahilini kama kule pembezoni mwa Dar. Kwenye maiki. Watu zaidi ya themanini wameshika soda, wanacheka, na dijei akapiga honi. Honi, jamani! Kama vile Taifa Stars imefunga goli.

Niliondoka mwishoni mwa 2016, mabasi ya mwendokasi ya Dar hayajatimiza hata mwaka barabarani, na hii ndiyo mara yangu ya kwanza kurudi. Ujerumani nahudumia wazee. Usiku kucha nageuza watu wazima kitandani wasipate vidonda vya mgongo, nawaosha, nawalisha, kiuno changu kimezeeka kuliko cha mama. Mshahara unakatwa kodi kabla haujanusa mkono wangu. Kule hata ada ya redio na televisheni nyumba inalipa, euro 18.36 kila mwezi, uwe na televisheni usiwe nayo. Nauli ya kuja huku nimeidunduliza miaka mitatu.

Na nilivyofika nilikuwa na furaha ya mtoto. Nimetua Terminal 3 ya uwanja wa ndege wa Dar, jengo ambalo naondoka halijafunguliwa, nikajua nimeshuka nchi ya watu. Mdogo wangu akafungua begi langu, akachomoa mifuko ya nailoni niliyofungia zawadi na kuificha chini ya godoro kama bangi: "Dada, hii ilipigwa marufuku tangu Juni 2019!" Siku ya tatu nikamwambia dereva wa bajaji anipeleke stendi ya Ubungo nikapande basi la Dodoma kwa bibi. Akazima injini, akageuka, akanitazama usoni. "Dada yangu, stendi ilihamia Mbezi 2021. Na Dodoma siku hizi watu wanapanda treni." Pale Ubungo nilipokuwa nazeekea kwenye foleni, barabara zimepandana kama vitanda vya bweni. Basi nikapanda treni. Nimelia dirishani kuanzia stesheni ya Soga, sioni aibu kusema. Safari ya kutwa nzima ya basi imekuwa ya kama saa nne, umekaa kwenye kiti safi, chai haimwagiki.

Kila kitu kimebadilika wakuu. Laini yangu ya simu kapewa mtu mwingine, mtoto niliyemwacha ananyonya leo ananidai simu. Aliyebaki vile vile ni YEYE.

Sasa sikieni ilivyokuwa. Kikao cha mwisho, harusi ya binti wa shangazi yangu. Akasimama amevaa shati nililomletea mimi, jeupe lenye mistari ya bluu, na kile kiuzi cha plastiki cha lebo bado kinaning'inia kwapani. Kila akinyanyua mkono nakiona. Maiki imefungwa solotepu nyekundu shingoni. Akaanza: "Leo tuna mgeni wetu kutoka Ulaya! Katibu, andika hapo milioni tano!"

Hajaniuliza. Hajaninong'oneza. Kaniandikia tu, kama daktari anavyoandika dawa. Watu wakapiga makofi, shangazi mmoja akapiga vigelegele, katibu kalamu imeshagusa daftari.

Nikasimama. Kwa adabu zote nikasema, "Baba mdogo, naomba iandikwe laki tano."

Kimya. Nikamsikia anavuta pumzi kwenye spika. Halafu kile kicheko chake cha kukoroma, halafu: "Laki tano! Jamani eeh! Kumbe na Ulaya kuna Gongo la Mboto!"

Honi.

Kadi ya kikao kile ni laki moja kwa mtu mmoja, laki na nusu kwa wawili. Mimi nimetaja mara tano ya kadi, taslimu, hela ipo kwenye pochi. Yeye ahadi yake ni laki moja, na ni AHADI. Ya harusi ya mwaka juzi bado anadaiwa, yule bibi harusi ameshazaa wawili. Ada ya chuo ya huyu bibi harusi nimelipa mimi miaka mitatu, sikusema pale na sitasema. Bibi harusi alikuwa ameinamisha kichwa anazungusha kizibo cha soda mezani, anazungusha tu.

Na mama yangu alicheka. Hakucheka kwa ubaya, alicheka kwa sababu watu wote walicheka, kisha akaniona, akafunika mdomo kwa kanga. Mbu, foleni, laini ya simu, hayo yote nasamehe. Hilo la mama kufunika mdomo ndilo lililonitoa machozi chooni. Kwa sababu ya mtu aliyevaa shati LANGU.

Kumbe na Ulaya kuna Gongo la Mboto! Kiuzi kinaning'inia! Honi!

Harusi Jumamosi, naondoka Jumapili. Mtu kama huyu kwenu mnamfanyaje?

Mzee wa Pembeni:
Nimewahi siti ya mbele. Wenye karanga pitisheni huku.

Chai Maharage:
Uzi bila picha ni chai. Lete kiuzi cha kwapani tukione.

Binti Mpole:
Pole sana dada. Wa kwetu alinitangazia ng'ombe mzima msibani. Nimetoka Muscat kufanya kazi za ndani, nina wiki moja nyumbani, nasikia kwenye spika "ng'ombe katolewa na mwanetu wa Uarabuni". Nilimnunua kweli, kwa aibu. Nimerudi Muscat na deni la ng'ombe nisiyemla hata utumbo.

Kata Ngebe:
Miaka tisa, laki tano. Dada, mzee kakosea sauti tu, hesabu yake iko sawa. Nyie mkiwa huko mnatupia picha za theluji, mmevaa makoti mpaka magotini, sisi tunajua mnaogelea kwenye euro. Mkirudi mnaanza hadithi za kodi na viuno. Hizo hadithi mngezitupia na zenyewe.

Mleta uzi:
@Kata Ngebe picha ya theluji nimetupia moja tu tangu niondoke. Nimetoka zamu ya usiku, saa kumi na mbili asubuhi, nasubiri basi, vidole sivisikii. Ukitaka kuogelea njoo uogelee. Na hesabu ikiwa sawa, honi ilikuwa ya nini? Nani alimwambia dijei apige honi?

Chai Maharage:
Dijei naye ana familia, muacheni.

Mkazi wa Ulongoni:
Ngoja niulize, maana naona wote mmeruka. Gongo la Mboto imeingiaje hapo? Tumewakosea nini? Februari 2011 mabomu ya kambi ya jeshi yametulipukia usiku, watu tumekimbia na watoto mgongoni mpaka Uwanja wa Uhuru. Tumekula vumbi la ujenzi wa njia ya mwendokasi mpaka mbwa wakabadilika rangi. Leo jina letu limekuwa tusi la vikao vya harusi? Na huyo dada naye analia kwamba kafananishwa na sisi! Hiyo Terminal 3 aliyotua ni jirani zetu, angepiga chafya tungemwambia afya.

Mleta uzi:
Mkuu sijalidharau eneo lako, mimi ndiye niliyetukanwa. Nilichosema ni...

Mkazi wa Ulongoni:
Umeandika lile neno mara tatu. Nimehesabu.

Mtoto wa Rangi Tatu:
Shukuruni nyie mnatajwa. Sisi Mbagala tulijengewa njia ya mwendokasi ikakaa wazi, basi hakuna, tuliiangalia muda wote huo kama jeneza lisilo na maiti, huku tukining'inia kwenye daladala. Hakuna kikao kilichotuonea huruma.

Kata Ngebe:
Mbagala mlikuwa na daladala, sisi wa Kimara tuna mwendokasi tangu 2016 na bado tunaingilia dirishani. Juzi nimepanda na viatu viwili, nimeshuka na kimoja, na hicho kimoja sio changu.

Mtoto wa Rangi Tatu:
Afadhali wewe una dirisha la kuingilia.

Mama Vikapu:
Mada ya michango hiyo msiipite. Niko kwenye magrupu manne ya harusi, moja simjui bwana, simjui bibi, sijui hata mkoa. Nimejitoa, wamenirudisha. Nimejitoa, wamenirudisha na kuandika "karibu tena mwanakamati". Jana kaniandikia mweka hazina: mama, ahadi yako inasomeka laki mbili. Nani kaahidi? Lini? Nilikuwa nimelala!

Binti Mpole:
Mama Vikapu hao wa kwako na wa mleta uzi wanasoma daftari moja.

Mzee wa Pembeni:
Mimi nilikuwa mweka hazina 2022. Mnalalamika kuchangishwa, hamjawahi kuchangisha. Nimempigia mtu simu, akapokea akabadilisha sauti akajifanya ni mtoto wake. Mtu ana miaka hamsini anasema "baba hayupo". Nilikonda kilo sita. Hakuna aliyenifungulia uzi.

Mama Vikapu:
Mzee wa Pembeni kumbe ni wewe uliyekuwa unapiga saa kumi na moja alfajiri?

Mleta uzi:
Wakuu, turudi kwenye maiki. Kumekucha huku. Amepiga simu kwa mama sasa hivi. Nilidhani anaomba radhi, nikakaa kitandani nasikiliza. Anauliza kama nimebakisha shati jingine la saizi ile ile, rangi nyingine, alivae Jumamosi. Hilo tu. Jana haikutajwa kabisa. Mama anasema "ngoja nimuulize", ananitazama, amefunika simu kwa kanga ile ile.

Chai Maharage:
Mpe. Toa lebo kwanza.

Kata Ngebe:
Mpe la laki tano.

Binti Mpole:
Dada usimpe. Mwambie mama aseme mashati yameisha, na wewe Jumamosi kaa meza ya mbele kabisa ili akuone.

Abiria Mwema:
Samahani natoka nje ya mada. Mleta uzi umesema ulipanda treni kwenda Dodoma. Daraja la kawaida nauli ngapi? Nina watoto wawili, mmoja miaka mitatu, mwingine saba.

Mkazi wa Ulongoni:
31,000 mtu mzima. Huyo wa miaka mitatu bure, wa saba nusu nauli. Mimi napandia Pugu, stesheni iko huku huku mnakokudharau kwenye vikao vyenu.

Mtoto wa Rangi Tatu:
Tangu lini Pugu ikawa Gongo la Mboto?

Mkazi wa Ulongoni:
Ni jirani. Nikitoka kwangu nafika hata jasho halijatoka.

Mtoto wa Rangi Tatu:
Jirani! Hapo kati kuna boda ya buku mbili.

Mkazi wa Ulongoni:
Wewe wa Mbagala ndiye unayenifundisha njia ya kwetu?

Mzee wa Pembeni:
Pugu kuna msitu, Gongo la Mboto kuna nini?

Mkazi wa Ulongoni:
Njoo nikuonyeshe. Leta na huyo mwenyekiti wa maiki.

Abiria Mwema:
Nashukuru kwa nauli. Tiketi lazima kitambulisho cha NIDA, au hata leseni ya udereva wanakubali? Changu kina miaka minne nakifuatilia.

Mama Vikapu:
Miaka minne? Kaa hapa nikusimulie cha kwangu.