Laini mbili juu ya daraja moja: je, ni mbili kweli?

Mwenzangu aliyefungua mjadala huu ameshauri kwamba kituo cha data cha hapa Malindi kiunganishwe na kituo cha akiba cha Mombasa, kinachotunza nakala ya data yetu, kwa laini mbili za faiba (nyuzi za kioo zinazobeba data kwa mwanga), kila laini na kampuni yake, kila moja ya gigabiti 1 kwa sekunde. Kwa heshima zote, nampinga. Anayekwenda Mombasa kwa barabara ya pwani hana budi kuvuka daraja la Kilifi, kisha la Mtwapa. Faiba zote mbili zikiandamana na barabara hiyo, tumelipia mara mbili hatari ileile. Huenda hata kampuni hizo zimekodi nyuzi ndani ya mkongo mmoja, na katapila la mchimba mtaro halisomi jina lililo kwenye ankara.

Uwezo nao tuupigie hesabu. Kila siku hutumwa Mombasa ile data iliyobadilika tu. Tuseme ni gigabaiti 200 kwa siku: kwa kuwa baiti moja ni biti nane, wastani wake ni megabiti 18.5 kwa sekunde, na hata nusu ya data hiyo ikimiminika asubuhi katika muda wa saa mbili, ni megabiti 111 tu kwa sekunde. Gigabiti mbili kwa mzigo huo ni jahazi la kubebea kapu moja la samaki. Afadhali laini ndogo zaidi zenye njia mbalimbali. Ipo njia ya umeme ya kilovolti 220 itokayo Rabai kupitia Malindi na Garsen hadi Lamu. Waya wa juu kabisa wa nguzo za aina hiyo huweza kubeba faiba, na hauning'inii darajani. Tuulize kama nyuzi zinakodishwa. Njia hiyo kuzunguka si hoja, kwani mwanga ndani ya faiba hukata kilomita 200 hivi kwa milisekunde moja.

Jibu la mwenye mada: Ndugu yangu, la njia nimelikubali, lakini umesahau siku ya kurejesha. Kituo kikiungua, hazirudi gigabaiti 200, hurudi zote. Tuseme zote ni terabaiti 20, yaani gigabaiti 20,000: kwa laini ndogo ya megabiti 100 kwa sekunde ni siku 18 na nusu. Kwa gigabiti 1 hazifiki siku mbili.

Jibu langu: Hesabu yako ni sahihi, ila terabaiti 20 huenea katika diski chache, na gari kutoka Mombasa hufika hapa siku hiyohiyo.

Mwenye mada: Gari hilo nalo litavuka Kilifi.