Kigoma: "Sisi tunajitolea tu" siyo jibu la hela za watu!

Wakuu, habari za jioni.

Jambo hili nimekaa nalo wiki mbili, nikijizuia nisiandike nikiwa na hasira. Hasira haijaisha, kwa hiyo naandika hivyo hivyo.

Ni mwanachama wa SACCOS moja, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo, hapa Kigoma mjini, huu mwaka wa tisa. Nauza mawese soko la Mwanga. Wenzangu wengi ni akina mama wa dagaa wa Kibirizi, wavuvi, mafundi boti, bodaboda na walimu wachache. Jina la chama silitaji, maana nataka kipone, sitaki kife. Miaka miwili na nusu iliyopita nilichaguliwa kuingia kamati ya usimamizi. Kwa wasiojua: bodi ndiyo inaendesha chama, na pembeni yake kuna kamati hii ya watu watatu ambayo kazi yake ni kuiangalia bodi. Tunahesabu fedha kwa kushtukiza, tunalinganisha vitabu, tunakagua mikopo, halafu tunatoa taarifa kwenye mkutano mkuu. Haturipoti kwa mwenyekiti. Tunaripoti kwa wanachama waliotuchagua.

Hakuna mwenye mshahara humo, si bodi wala kamati. Wanaolipwa ni meneja na karani. Sisi wengine ni posho ya kikao, basi. Tunajitolea. Na neno hilo ndilo limenileta hapa, kwa sababu kwetu limegeuzwa kuwa kufuli la kuwafungia watu midomo.

Uliza kwa nini hesabu za robo mwaka hazijabandikwa: "Dada yangu, sisi tunajitolea tu." Uliza mjumbe fulani wa bodi amepeleka marejesho lini mara ya mwisho: "Watu wanajitolea usiku na mchana, wewe unawatafutia makosa." Hakuna anayekwambia ndiyo au hapana. Unaondoka pale ukijiona wewe ndiye mchawi.

Mwezi uliopita alinifuata mama mmoja wa Kibirizi, mtu mzima, anaanika dagaa pale tangu mimi sijaolewa. Kitabu chake cha akiba alikuwa amekifunga kwenye mfuko ili kisilowe, halafu akakiviringisha kwenye ncha ya kitenge. Kinanuka dagaa, kurasa zimeshikana. Akanipa, akasema, "Mwanangu, hebu nisomee hapa." Nikamsomea: akiba shilingi 640,000. Akaniambia ofisini wamemwambia ana 440,000, kwa hiyo mkopo wake wa 1,500,000 hauwezi kupita. Kwetu mkopo mwisho ni mara tatu ya akiba. Pigeni hesabu wenyewe: kwa 640,000 unapita, kwa 440,000 haupiti.

Tukaenda naye. Leja ikafunguliwa. Tarehe zinafuatana vizuri na kitabu chake mpaka mwezi wa tatu. Hapo kitabu cha mama kina mstari wa 200,000, una mhuri, una sahihi. Kwenye leja hakuna kitu. Nikaomba kitabu cha stakabadhi. Kishina cha namba ile kipo, kimeandikwa laki mbili, mwandiko uleule ulio kwenye kitabu cha mama. Kwa hiyo hela ilipokelewa. Nikaomba karatasi za benki za siku ile na za kesho yake, nione kama laki mbili ile imepelekwa. Hazikuonekana.

Karani akanyamaza. Mwenyekiti alikuwepo. Hakumtazama karani, alimtazama mama. Akasema, "Mama, vumilia, itarekebishwa. Hawa vijana wanajitahidi, na sisi wenyewe hapa tunajitolea, hatulipwi."

Wakuu, yule mama akaomba radhi. "Samahani baba, sikuja kwa ubaya."

Aliomba radhi! Mtu ambaye laki mbili yake haijulikani iliko ndiye anasema samahani. Sisemi kuna mwizi, hilo litasemwa na ukaguzi. Ninachosema ni kwamba siku ile mwenye nyumba alipiga magoti mbele ya mlinzi wake, na sisi wengine tuliokuwa chumbani tulitazama chini. Mimi nikiwemo.

Sasa njooni kwenye mkutano mkuu.

Nafasi tatu za bodi zilikuwa wazi, na moja ya kamati. Tangazo lilibandikwa mlangoni pa ofisi siku sita kabla. Masharti yetu yanataka siku 21. Siku yenyewe wakapanga Jumamosi saa tatu asubuhi, katikati ya giza. Mtu wa Kigoma hahitaji kuelezwa, lakini wa mbali nawaeleza: dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wanapumzika. Ukiweka mkutano siku za mbalamwezi, watu wapo, wamekaa barazani wanashona nyavu. Ukiuweka kwenye giza, saa tatu asubuhi mitumbwi ndiyo imerudi, akina mama wako mchangani na ndoo, wanaanika mzigo. Na dagaa hamsubiri mtu. Mvua ikikukuta hujaanika, au umeanika hujaanua, mtaji umekwenda. Nani anakaa kwenye bodi ya chama cha watu wa dagaa asijue hilo? Wanajua vizuri sana.

Akidi ilipatikana kwa taabu. Fomu za kugombea zilikuwa zinatolewa na karani yuleyule. Wanachama wawili ninaowafahamu walizifuata wakaambiwa zimeisha. Fomu ya kurasa mbili! Imeisha vipi, na stashonari ya kutolea kopi iko hatua kumi kutoka mlangoni? Siku ya uchaguzi mwenyekiti akasimama: "Mnaona wenyewe, hakuna anayetaka kujitolea. Tuendelee na wenzetu hawahawa?" Mikono ikapanda. Taarifa ya kamati yetu, kurasa nne nilizoandika kwa mkono, ikasogezwa hadi kwenye "mengineyo". Tulipofika mengineyo sahani za pilau zilikuwa zimeshaanza kupita.

Ndani ya kurasa hizo kulikuwa na suala la kufungwa kwa ziwa. Mnakumbuka mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Bodi ikakubali kuahirisha marejesho kwa walioathirika. Uamuzi mzuri, niliuunga mkono kwa mdomo wangu. Ila orodha ya walioahirishiwa nimeiomba mara tatu, kwa maandishi, mpaka leo sijaiona. Ninachojua ni kwamba kuna mvuvi aliuza mashine ya boti ili asidaiwe, na kuna watu ambao hawajawahi kukanyaga mtumbwi, mikopo yao imelala hadi leo.

Kuna atakayeniambia tatizo ni kutokuwalipa, tuwape viongozi mishahara watafanya kazi. Hapana. Msiba ukitokea mtaani kwetu, anayeshika daftari la michango analipwa na nani? Halipwi na mtu. Lakini tukimaliza anasimama mbele ya watu anasoma: fulani elfu mbili, fulani elfu tano, sukari kilo kadhaa, usafiri wa maiti kiasi hiki, zimebaki hizi. Akikosea elfu moja anasahihishwa palepale, na hakuna anayesema mmemdhalilisha maana alijitolea. Kujitolea kule kunaambatana na kusoma hesabu. Kwa nini kwenye SACCOS iwe vingine?

Na siyo mila yetu tu. Vyama vya namna hii vina baba yake, Mjerumani mmoja aliyekuwa meya wa vijijini, Friedrich Wilhelm Raiffeisen, aliyeanzisha chama cha mikopo pale Heddesdorf mwaka 1864. Katika vyama vyake viongozi hawakulipwa, anayelipwa alikuwa mtunza fedha peke yake. Sawasawa kabisa na kwetu. Tofauti ni hii: kila mwanachama aliwajibika kwa madeni ya chama kwa mali yake yote. Chama kikianguka, shamba lako linaweza kwenda. Mtu wa namna hiyo huwezi kumnyamazisha kwa kumwambia "tunajitolea". Anataka kuona kitabu leo. Sisi tunadhani hatuna cha kupoteza kwa kuwa hisa zetu ni ndogo, wakati akiba ya mama yule ni miaka kumi na moja ya kuinama juani.

Nageukia kwetu wanachama, na hapa sitambembeleza mtu. Kundi la WhatsApp linawaka moto kila jioni. Ukisema chukua fomu: mimi sina elimu, mimi nina mtoto mdogo, mimi sitaki lawama. Elimu gani? Nawajua akina mama Kibirizi wanaokumbuka kwa kichwa nani alichukua ndoo ngapi tangu Januari, nani kalipa nusu, nani kahamia Uvinza na deni. Hawaandiki popote na hawakosei. Mtu kama huyo unamwambia aingie kamati ya mikopo anasema hawezi! Unaweza, mama. Ile ndiyo kazi yenyewe.

Na hao wasiotaka lawama, nawauliza: nani kawaambia viti vitabaki wazi? Vinakaliwa. Vinakaliwa na walewale, mwaka baada ya mwaka, na wanapata haki ya kusema hawakupata wa kuwapokea.

Mimi nina kosa langu, nalisema hapa kama nilivyolisema mbele ya wenzangu. Mwaka wa kwanza nilisaini karatasi ya kuhesabu fedha taslimu nikiwa nimeonyeshwa vibunda vimefungwa mpira. Sikuvihesabu. Niliona haya kumwambia mtu mzima afungue tuhesabu noti moja moja. Sahihi yangu ipo pale, na ningependa mkaguzi aione. Tangu mwaka wa pili nahesabu. Inachukua dakika 40, na mara mbili tumekuta pungufu ambayo "imerudishwa" kesho yake asubuhi. Imerudishwa kutoka wapi, hakuna aliyeeleza.

Tulichofanya mpaka sasa: tumemwandikia afisa ushirika, nakala kwa Mrajis (msajili wa vyama vya ushirika) Msaidizi wa mkoa, tukiomba uchunguzi. Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 inampa Mrajis uwezo wa kuchunguza chama, siyo fadhila. Tumeomba pia vitabu vipitiwe na COASCO, shirika la serikali la kukagua hesabu za vyama vya ushirika. Na tunakusanya sahihi za kuitisha mkutano mkuu maalumu, jana jioni zilifika 41. Humu kuna watu wa ushirika, nawajua kwa maandishi yenu. Kama kuna aliyewahi kuitisha mkutano maalumu ofisi ikakataa kupokea barua, aniambie alifanyaje. Barua yetu imekataliwa mara moja tayari, eti haina mhuri. Mwanachama wa kawaida mhuri anautoa wapi?

Kwa mwenyekiti, maana najua utasomewa huu uzi: sikuchukii, na miaka uliyotupa naiheshimu. Lakini sitaki kulisikia tena lile neno mpaka uniambie laki mbili ya yule mama iko wapi.

Wenzangu wa Kibirizi, Katonga na Mwanga: Jumatatu saa nne asubuhi naingia ofisini na mama huyo, kitabu chake na kopi ya kile kishina. Wiki hiyo ni mbalamwezi, mitumbwi imepandishwa, hakuna wa kuanika. Njooni na vitabu vyenu, tuvifungue vyote kwa pamoja juu ya ile meza.