Dawa ipi ya kusafishia filamu nyeusi na nyeupe inamfaa anayesafisha filamu chache, Nairobi?

Mpita Kamukunji anauliza:

Habari zenu, wapenzi wa filamu. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikiwapiga picha mafundi wa jua kali wa Kamukunji, wale wanaofua mabati na kuyageuza kuwa masanduku, majiko na karai. Natumia kamera ya milimita 35 na filamu ya HP5 Plus. Sipigi nyingi; ni moja kwa mwezi, au mbili mambo yakiwa mazuri, na nasafisha mwenyewe bafuni kwangu Umoja kwa tangi la plastiki.

Wiki jana nilipoteza picha 36. Dawa yangu ilikuwa ya unga, niliyoikoroga miezi minne iliyopita na kuiweka katika chupa ya soda ya lita mbili, na kadiri nilivyoitumia ndivyo chupa ilivyozidi kujaa hewa. Filamu ilitoka kwenye fiksa, ile dawa ya pili inayoifanya picha isiharibiwe tena na mwanga, ikiwa angavu kama kioo, bila picha hata moja. Miongoni mwa zilizopotea ni za mzee mmoja aliyekubali kupigwa picha baada ya kumwomba kwa wiki nyingi, na sasa sina budi kurudi kwake kumweleza.

Nimetajiwa D-76, ID-11, Rodinal, HC-110 na XTOL, na kila anayenishauri anaisifu yake. Ninachotaka kujua ni ipi itakayomvumilia mtu anayesafisha filamu chache, na ambayo pia itaweza jua letu la saa saba mchana, maana bati huwaka jeupe pe na uso wa fundi chini ya kofia huzama gizani.

Fundi wa Chumba cha Giza anajibu:

Pole sana, ndugu yangu. Kabla ya kuilaumu dawa, angalia pembezoni mwa filamu hiyo. Namba na maandishi yaliyo kando ya matundu huchapwa kiwandani kwa mwanga, kwa hiyo huonekana pale tu dawa inapofanya kazi. Kama yapo lakini picha hazipo, kosa ni la kamera: pengine filamu haikushika kwenye gurudumu lake na haikusogea. Kama hayapo kabisa, dawa ilikuwa imekufa, au ulitangulia kumimina fiksa.

Kinachoiua dawa ni oksijeni. D-76 iliyokwisha kukorogwa hudumu kama miezi 6 katika chupa iliyojaa na kufungwa barabara, lakini katika chupa iliyofika nusu hudumu miezi 2 tu. XTOL, iliyotokea mwaka 1996 na ambayo hutegemea jamaa ya vitamini C, ni dawa nzuri sana, ila huja kwa pakiti ya lita 5 na ikiharibika haibadiliki rangi ya kukuonya. Kwa mtu wa filamu moja kwa mwezi, lita 5 ni mzigo.

Ushauri wangu ni Rodinal. Ni dawa ya mwaka 1891 na bado inatengenezwa, na sababu kubwa ya kuishi muda wote huo ni uvumilivu wake: chupa iliyofunguliwa hukaa miaka, hugeuka rangi ya chai ya rangi hadi kahawia nzito, na bado hufanya kazi. Unachukua mililita 6 kwa bomba la sindano, unatia maji mpaka yafike mililita 300 hivi, unasafisha filamu moja, kisha unaimwaga. Kwa uwiano huo wa 1+50, yaani sehemu moja ya dawa kwa 50 za maji, HP5 Plus iliyopigwa kwa kasi ya 400 (kipimo cha wepesi wa filamu kushika mwanga) husafishwa dakika 11 katika nyuzi 20 za selsiasi. HC-110 nayo hudumu vizuri, lakini kwa uwiano wake uliozoeleka wa 1+31 HP5 huchukua dakika 5 tu, na siku ya joto ambapo maji yako yamefika nyuzi 24 muda huo hupungua zaidi. Muda mfupi namna hiyo ni hatari, kwa sababu sekunde chache za kuchelewa kumimina huacha mabaka angani.

Na kuanzia leo, kabla ya kuingiza filamu ndani ya tangi, kata kipande cha ulimi wake, ule ambao umekwisha kuona mwanga, ukitumbukize katika dawa mezani, taa ikiwa inawaka. Kisipokuwa cheusi ndani ya dakika chache, dawa hiyo usiitumie. Nakusihi usiruke hatua hii hata mara moja. Picha za mzee wako zingeokolewa na kipande cha sentimita tatu.

Binti wa Ngara anajibu:

Namheshimu Fundi na nakubaliana naye kuhusu kipande cha majaribio, ila kuhusu Rodinal kwa filamu ya 35 yenye kasi ya 400 nina maoni tofauti, na nimechapisha picha za kutosha kwa dawa hiyo na kwa ID-11 kuyasema haya.

D-76, iliyotokea mwaka 1927, na ID-11, ambayo ni kama pacha wake, zina gramu 100 za salfaiti ya sodiamu katika kila lita. Salfaiti hiyo huilinda dawa isiharibiwe upesi na hewa, na pia hulainisha kingo za punje za madini ya fedha zinazounda picha, ndiyo maana picha hutoka laini. Rodinal iliyozimuliwa haina salfaiti ya kutosha kufanya kazi hiyo, hivyo punje hubaki na kingo kali. Wako wanaoupenda ukali huo, nami naupenda katika picha za kuta na mabati. Lakini shavu la mzee, likichapishwa kubwa, huonekana kana kwamba limenyunyiziwa mchanga, na mimi sikubali uso wa mtu aliyeniamini utoke hivyo.

Tatizo la hewa lina dawa yake. Nunua pakiti ya lita 1 ya ID-11, ikoroge, kisha igawe siku hiyo hiyo katika chupa sita za kioo za mililita 150, kila moja ikijazwa hadi shingoni. Kila chupa ni filamu moja: unaichanganya na maji kiasi kile kile, unatumia, unamwaga. Chupa nyingine hazifunguliwi mpaka siku yake. Kwa kasi yako ya filamu moja au mbili kwa mwezi, utazimaliza kabla hazijaharibika.

Kuhusu jua, hapa ndipo ningekuomba utulie, kwa kuwa hakuna dawa itakayokurudishia kivuli ambacho filamu haikukiona. Nairobi iko karibu kabisa na Ikweta, na mwezi Machi na Septemba jua la mchana hupita utosini, hivyo macho yote yaliyo chini ya kofia huwa shimo jeusi. Pima mwanga kwenye uso wa fundi, usipime bati. Mimi HP5 naipiga kama filamu ya 200 mchana wa jua, ili kivuli kipate mwanga wa kutosha, halafu napunguza muda wa kusafisha ili bati lisitoke jeupe tupu: ID-11 kwa 1+1 katika nyuzi 20 huhitaji dakika 13 kwa mwanga wa kawaida, nami huishia dakika 10 na nusu. Tangi nalipindua taratibu mara nne mwanzoni mwa kila dakika, bila kulitikisa. Siku ya mawingu ya Julai narudi kwenye 400 na dakika zangu 13.

Mkulima wa Limuru anajibu:

Ukishindwa kupata hizo zote, ipo dawa ya kahawa ya unga inayoyeyuka, magadi ya kufulia na vitamini C, iliyoanzia katika chuo kimoja cha Rochester, Marekani, mwaka 1995, vitamini C ikaongezwa baadaye. Kwa lita moja ni gramu 40, 54 na 16, kwa dakika 15 hivi. Angalia lakini: magadi ya dukani, yale ya kuivishia maharagwe, yamechanganyika na bikaboneti, kwa hiyo ni dhaifu, ninayakaanga kwanza katika sufuria kavu. Naipenda dawa hii kwa moyo wote, ila huacha ukungu kwenye filamu zenye kasi, na picha za Kamukunji nisingeziweka humo.

Mpita Kamukunji:

Nawashukuru nyote. Fundi, nimeangalia: hakuna namba hata moja pembeni, kwa hiyo dawa ndiyo iliyokufa. Nitaanza na ID-11 na chupa ndogo, kwa sababu nyuso ndizo kazi yangu. Swali la mwisho ni la maji. Ploti yetu hutumia maji ya kisima cha kuchimbwa, yana chumvi, na siku za mgao hata hayo hatuyapati.

Fundi wa Chumba cha Giza:

Umechagua vyema, na Binti ana haki kuhusu mashavu. Kukorogea dawa, na kwa suuza ya mwisho, nunua maji yaliyotoneshwa kwenye kituo cha petroli. Usiombe tu "maji ya betri", kwani unaweza kupewa asidi; soma kibandiko mwenyewe. Kuoshea, tumia njia ya Ilford, watengenezaji wa HP5: baada ya fiksa isiyoufanya utando wa filamu kuwa mgumu, jaza tangi maji, lipindue mara 5, mwaga, jaza tena, mara 10, mwaga, jaza tena, mara 20, mwaga. Hayo yote hayafiki lita moja kwa filamu yako, mradi joto la maji lisitofautiane sana na la dawa. Weka dumu mbili bafuni usiku wa kuamkia siku ya kusafisha, yote yatakuwa na joto moja asubuhi.