Mjadala: Mwenye bajeti finyu anunue taimushea ya Disney, au akodi tu?

Wadau, naomba hili tulijadili waziwazi, maana kwetu hapa Mtwara limeshagawa ukoo.

Mpwa wangu anaishi Texas na mke na watoto watatu. Wanapenda mno Walt Disney World, ile bustani kubwa ya michezo karibu na Orlando, Florida. Sasa anataka kununua taimushea, na ameomba wajomba tumchangie kianzio fedha za korosho zikishalipwa. Maneno yake ni haya: "Mjomba, hela ya hoteli inapotea kila mwaka. Hii tunalipa mara moja, inakuwa mali ya ukoo, na nyinyi mkija mnalala bure." Nusu ya ndugu wamekubali. Mimi nimekataa, na naweka sababu zangu hapa ili mwenye hoja ya kunipinga anipinge.

Kwa asiyeifahamu, taimushea ni kununua haki ya kutumia nyumba ya likizo kwa muda fulani kila mwaka. Zamani ilikuwa wiki maalumu katika chumba maalumu, siku hizi kampuni nyingi zinauza pointi. Mpango wa Disney ulianza mwaka 1991 na unaitwa Disney Vacation Club. Pointi ulizonunua zinaingia upya kila mwaka, unalipia nazo vyumba. Usipozitumia unaweza kuzisogeza mwaka wa mbele, au ukaazima za mwaka ujao. Na haki yenyewe ina kikomo. Mikataba ya majengo kama BoardWalk na Beach Club inaisha Januari 2042. Sisi tuliozoea hati za ardhi za miaka 33, 66 na 99 hilo si geni, ila ni vizuri anayesema "mali ya ukoo" alijue.

Tuje kwenye hesabu. Ukinunua kwa Disney wenyewe, pointi moja siku hizi inazidi dola 200, na mnunuzi mpya kwa kawaida huanzia pointi 150. Tuseme dola 200 kamili: hizo ni dola 30,000. Kwa shilingi 2,500 kwa dola, ni milioni 75. Ukikopa, mikopo ya taimushea mara nyingi ina riba inayozidi asilimia 10. Halafu kuna ada ya matunzo ya kila mwaka. Tuseme dola 8 kwa pointi, inakuja dola 1,200, yaani milioni 3 kila mwaka, uwe umekwenda au hukwenda. Ada hiyo hupangwa upya mwaka hadi mwaka, na mwelekeo wake ni kupanda. Tiketi za kuingilia bustanini hazimo humo, na mtu mzima halipi chini ya dola 100 kwa siku moja.

Wanaotetea wana hoja nzito, na sitaki kuipita juu juu. Mpwa wangu ametutumia jedwali alilochora mwenyewe. Upande mmoja ameandika bei ya chumba katika hoteli ya kifahari ya Disney: dola 560 kwa usiku, kwa usiku 10 ni dola 5,600. Upande wa pili amegawa zile 30,000 kwa miaka 40 (mikataba ya majengo mapya ni mirefu kuliko ile ya 2042), akapata 750, akajumlisha ada ya 1,200, jumla dola 1,950 kwa mwaka. Kwa chumba cha pointi 15 kwa usiku, pointi 150 zinampa usiku 10 kweli. Anaokoa zaidi ya nusu! Ukilitazama jedwali hilo peke yake, utasema mjomba ana wivu tu.

Lakini mtafuteni humo mpwa wangu mwenyewe, hamtamwona. Yeye hajawahi kulala katika hoteli ya dola 560. Wakienda Orlando wanalala Kissimmee, mji wa jirani, kwenye zile hoteli za barabara ya 192, ambako chumba cha chini ya dola 100 kinapatikana. Wanapakia mkate na maji kwenye gari, wanaingia bustanini asubuhi, wanarudi usiku kulala. Kwake usiku 10 ni kama dola 1,000, na mwaka asiokwenda ni sifuri. Ile dola 3,650 anayosema ataiokoa ni ya bei ambayo hakuwahi kuilipa na wala hakuwa na mpango wa kuilipa. Hapa ndipo ninaposimama, na ndipo ningependa watetezi wajibu kwanza kabla ya mengine yote.

La pili linatuhusu sisi wa kusini moja kwa moja. Mtu mwenye kipato cha kubana anajiokoa kwa kuahirisha. Mwaka mbaya hasafiri, basi. Watu wa Newala na Tandahimba hawahitaji kukumbushwa msimu wa 2018: bei ya mnada iliposhuka wakulima wakagoma kuuza, hadi Novemba Rais Magufuli akatangaza serikali itanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likatumwa kuzikusanya. Wapo waliosubiri malipo hadi wakachoka. Ukoo unaoishi kwa fedha za namna hiyo ujifunge kwenye ada ya dola, kila mwaka, mpaka miaka ya mbali huko? Hata mpwa wangu anayelipwa mshahara Marekani anaweza kupunguzwa kazini. Ada haiahirishwi.

Kuhusu sisi "kulala bure", nitasema kwa ufupi. Ada ya kuomba viza ya kutembelea Marekani inalipwa na kila mwombaji, na ukinyimwa hairudi. Ongeza nauli ya Mtwara hadi Dar, na ya Dar hadi huko. Gharama ya kitanda ndiyo ndogo kuliko zote.

Kuna shemeji amesema hii ni DECI ya Wazungu. Hapana, shemeji, tusichanganye mambo. DECI ilikuwa upatu wa kupanda na kuvuna hela za wenzako, serikali ikaizuia mwaka 2009. Taimushea ni biashara halali, na sheria ya Florida inampa mnunuzi siku 10 za kufuta mkataba kwa maandishi. Tatizo ni namna inavyouzwa. Orlando kuna wauzaji wanaokupa tiketi za bei ya chini ili ukae uwasikilize saa moja na nusu, saa mbili, na wanataka sahihi yako siku hiyo hiyo ukiwa na watoto wanaolia njaa. Ukija kutaka kutoka, wanajitokeza wengine wanaodai walipwe kwanza ndipo wakutoe. Tume ya Biashara ya Marekani imeshaonya watu kuhusu hao.

Na kuuza? Taimushea za kampuni nyingine zimewekwa sokoni hata kwa dola 1, kwa sababu anayenunua anachukua na ada. Za Disney zinashikilia thamani vizuri zaidi, nakubali, lakini za mkono wa pili huuzwa chini ya bei ya dukani. Isitoshe, tangu Januari 2019 anayenunua mkono wa pili pointi za majengo ya zamani hawezi kuzitumia kwenye majengo mapya kama Riviera.

Ushauri niliompa mpwa wangu ni huu: mwaka anaotaka kuwafurahisha watoto, akodi pointi za mwenye taimushea. Inakwenda karibu dola 20 kwa pointi, kwa hiyo chumba kile cha pointi 15 ni kama dola 300 kwa usiku. Si rahisi, na akishalipa mara nyingi hela hairudi. Lakini atalala usiku 3 pale pale ndani, kisha atarudi Kissimmee bila deni. Siku atakapokuwa analala kwenye hoteli hizo kila mwaka kwa hela yake, na ana taslimu ya kununua mkono wa pili, nitakuwa wa kwanza kumchangia.

Sasa zamu yenu. Mwenye hesabu inayoonyesha kuwa mlala Kissimmee anafaidika, ailete na tarakimu zake. Na kama kuna anayelipa ada hizi au ana ndugu anayezilipa, namwuliza: ule mwaka ambao hamkusafiri, mlifanyaje?