Kufundisha gitaa nyumbani: mmoja mmoja kama Satriani, au duara kama Fripp?

nyuzi_sita: Wakuu, habari za jioni. Nimepiga solo miaka 14, sasa naombwa kufundisha nyumbani. Joe Satriani, mpiga gitaa wa Marekani, kabla hajajulikana alifundisha mwanafunzi mmoja mmoja: Steve Vai akiwa kijana kule New York, baadaye Kirk Hammett na Larry LaLonde huko California, wote wakaja kuwa wapiga gitaa wenye jina. Robert Fripp wa King Crimson, bendi ya roki ya Uingereza, yule aliyeunganisha mashine mbili za tepu gitaa lake lijirudie lenyewe, alishika njia nyingine. Mwaka 1985 alianzisha kozi za Guitar Craft huko Claymont, West Virginia, Marekani: watu walikaa pamoja siku kadhaa, wakipiga magitaa makavu (yasiyo ya umeme) wakiwa duara. Nyinyi mngeanza na ipi?

kidole_cha_nne: Mmoja mmoja. Hammett aliingia bendi ya Metallica mwaka 1983, na hata akiwa humo alikuwa anakwenda kujifunza kwa Satriani. Mkono una tabia zake, mwenyewe huzioni. Mimi kiwiko cha kushoto nilikibana ubavuni miaka sita, nikiamini kidole changu kidogo ni kifupi. Mwalimu alinisogeza kiwiko mbele kidogo tu, kidole kikafika. Kwenye darasa la watu 12 nani angeliona hilo?

gitaakavu: Ndugu yangu, duara usilidharau. Fripp aliwabadilishia wanafunzi tuni, yaani noti ambazo kila uzi umekazwa uitoe: kuanzia uzi mnene ni C G D A E G, badala ya E A D G B E. Kodi zote (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ulizozoea hazifanyi kazi, kwa hiyo mkongwe na aliyeanza juzi wanatafuta noti pamoja. Halafu kuna zoezi la kuzungusha: kila mtu anapiga noti moja, anamwachia jirani. Nimelifanya na vijana watano barazani kwangu. Wa tatu alikuwa anakatisha kila mzunguko kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye shingo ya gitaa lake. Wiki ya pili akaanza kutazama mkono wa kulia wa mwenzake, na noti ikapita. Nilifurahi kuliko siku niliyopiga jukwaani mara ya kwanza. Trey Gunn alipita kwenye kozi hizo, akaja kuingia King Crimson.

besi_taratibu: Tahadhari, msiweke tuni hiyo kwenye nyuzi za kawaida. Uzi wa pili, ukihesabu kutoka ule mwembamba, unapanda kutoka B hadi E, utakatika. Wa sita, ule mnene kabisa, unashuka hadi C, unalegea kama kamba ya kuanikia nguo. Tafuteni nyuzi nyembamba zaidi kwa noti za juu, nene zaidi kwa noti za chini. Na tukumbuke, Fripp mwenyewe utotoni alifundishwa na mwalimu binafsi, Don Strike, kule Bournemouth, Uingereza. Greg Lake, aliyeimba na kupiga besi King Crimson ilipoanza, alipita mikononi mwa mwalimu huyohuyo.

nyuzi_sita: Hilo la Don Strike limenimalizia kazi, asante sana. Nitaanza na mmoja mmoja kwa miezi mitatu, mikono ikikaa sawa nawakusanya Jumamosi. @gitaakavu, mzunguko wa kwanza ulianza na mwendo gani?

gitaakavu: Mapigo 60 kwa dakika, noti moja kila pigo. Usiongeze mpaka ipite mizunguko kumi bila kukatika. Na uwatoe viatu, wanagonga sakafu kwa mguu wanapoteza mapigo.