Naomba ushauri: kina kilekile, maji si yaleyale

Wadau, kuna kijito kinachoingia Mto Nyando (Kenya) chenye ubao wa kusomea kina, unaosomwa saa 3 asubuhi na saa 11 jioni. Mtiririko hupimwa kwa mita ya kasi: kina kikiwa chini ya sentimita 75, kipimo kimoja kwenye 0.6 ya kina kutoka juu; kikizidi, 0.2 na 0.8, kisha wastani.

Shida ni matope. Tangu mafuriko ya masika, sakafu ya kijito imeinuka, hivyo ubao ukisoma sentimita 60 maji yanayopita ni machache kuliko Februari. Jedwali la kubadili kina kuwa lita kwa sekunde limeharibika. Je, mnachora jipya kila baada ya mafuriko, au mnarekebisha la zamani kwa kuhamisha sufuri (kina ambacho mtiririko huhesabiwa kuwa sifuri)? Mimi naona afadhali ubao uhamie kwenye mwamba ulio juu kidogo, ila huko kuna kona na maji yanazunguka.

Mafuriko yakija, mita haiingii kwa sababu ya magogo. Hapo hutumika chungwa linaloelea, likipimwa muda wa kupita mita 20 (chupa tupu husukumwa na upepo), na kasi hiyo ya juu ya maji ikizidishwa kwa 0.85 kupata wastani. Kwa maji mazito ya tope, mnatumia namba hiyohiyo?

Mvua nayo: kopo la kipenyo cha milimita 127, ambapo mililita 12.7 ni milimita 1, husoma zaidi ya kipimo cha vikombe vinavyopinduka, hasa mvua ikipiga kwa nguvu. Maji hupotea kikombe kikipinduka. Mnasahihishaje?